Pikipiki ya umeme kwa kazi ya samaki: miezi minane kati ya Mayungu na Malindi

Kwa miaka 11 nimekuwa nikichukua samaki kwenye diko la Mayungu, mahali wavuvi wanaposhusha samaki wao, na kuwafikisha kwa wateja wangu mjini Malindi kwa pikipiki ya petroli ya sisi 125. Mwezi wa Juni mwaka jana niliiegesha pikipiki hiyo uani, nikanunua ya umeme, na tangu hapo hadi mwisho wa Januari kazi ile ile nimeifanya kwa chombo kipya. Nimeona niandike mapitio haya kwa sababu wenzangu wengi, wa samaki, wa maziwa na wa abiria, huniuliza maswali yale yale kila ninaposimama, na majibu ya dukani hayalingani na niliyoyaona barabarani. Chapa ya pikipiki yenyewe sitaitaja, wala duka lililoniuzia, kwa kuwa mengi nitakayoyaeleza yanaihusu aina nzima ya chombo hiki, na machache yaliyobaki ni malalamiko ambayo nimekwisha kuyafikisha kwa wenyewe ana kwa ana.

Kwa umbo haitofautiani sana na pikipiki tulizozizoea, ila mota yake imo ndani ya gurudumu la nyuma, na kwa hiyo haina gia, wala klachi, wala cheni. Betri yake ni ya lithiamu, ya aina ile inayotumia fosfeti ya chuma, yenye volti 72 na ampea-saa 40. Ukizidisha hizo mbili utapata kwamba ikijaa hubeba takriban uniti 2.9 za umeme, uniti zile zile tunazozinunua kwa tokeni. Chombo kina uzito wa kilo 120, mimi mwenyewe nina kilo 80, na kreti la samaki pamoja na barafu yake hufika kilo 70 siku bahari inapokuwa na heri. Nililipa shilingi 240,000, betri na chaja zikiwemo.

Muuzaji alinisifia rangi, taa na kioo chenye tarakimu, lakini jambo moja lililostahili kuelezwa kabla ya yote hakulieleza, nalo ni udogo wa ghala. Pikipiki yoyote ni ghala la nishati lenye magurudumu: ile ya petroli huiweka nishati yake kwenye tanki, hii huiweka kwenye betri, na zote mbili ni nishati iliyofungwa ndani ya kemikali ikisubiri kufunguliwa. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban uniti 9. Tanki la pikipiki yangu ya zamani hubeba lita 11, kwa hiyo nilipokuwa nikijaza tanki nilikuwa nikipanda juu ya uniti karibu 100. Betri ya pikipiki mpya, pamoja na uzito wake wote, ina nishati inayolingana na petroli inayoenea katika chupa ya soda ya mililita 300, na labda vijiko viwili juu yake. Nilipoipiga hesabu hii usiku wa kwanza, kwa kalamu, nilidhani nimekosea mahali pa kuweka nukta, nikairudia mara tatu kabla ya kukubali kwamba nimetoa shilingi laki mbili na arubaini kwa ajili ya chupa ya soda.

Kilichonipa moyo ni upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo. Petroli haisukumi gurudumu moja kwa moja. Huchomwa kwanza ikawa joto, na ni sehemu ndogo tu ya joto hilo inayogeuzwa kuwa mwendo. Iliyobaki hutokea kwenye ekzosi na kwenye mapezi ya injini, ikaenda kuipasha hewa ya Malindi, ambayo haikuwa na haja ya kupashwa. Kila aliyewahi kushuka bodaboda kwa pupa akagusa bomba lile kwa shavu la mguu amekwisha kuisoma hesabu hii kwenye ngozi yake. Mzunguko wangu wa kila siku, kutoka Maweni hadi Mayungu na kurudi, pamoja na kugawa samaki mjini, ni kilomita 46, na pikipiki ya zamani ilikuwa ikinywa lita moja kwa mzunguko huo. Kwa hesabu zangu, kati ya uniti 9 zilizokuwa zikimwagwa tankini kila asubuhi, gurudumu lilikuwa likipata kama uniti moja na robo. Pikipiki ya umeme hutoa kwenye betri uniti 1.7 kwa safari hiyo hiyo, na mota yake nikiigusa nifikapo nyumbani huwa na vuguvugu tu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Ghala ni dogo, lakini halivuji sana, na kwa maoni yangu mtu asiyeyashika mambo haya mawili pamoja ataisifu pikipiki hii kupita kiasi au ataichukia bila sababu.

Sasa nije kwenye kile kinachoila nishati hiyo, kwani hapa ndipo nilipojifunza zaidi na ndipo matangazo ya dukani yanapopotosha. Malindi ni tambarare. Vipandio vichache tulivyo navyo havitishi: kuupandisha mzigo wangu wote, yaani kilo 270, kwa mita 10 kwenda juu kunahitaji kama wati-saa 7, na uniti moja ni wati-saa 1,000. Zaidi ya hayo, nishati ya mwinuko haiendi mbali, kwa kuwa unaposhuka hurudi kama mwendo. Hewa hairudishi kitu. Ukiusukuma upepo mbele yako, kazi uliyoifanya imekwisha, imebaki nyuma yako kama vurugu hewani, na hatimaye huwa joto lisilomfaa yeyote. Tena hewa haiongezi kodi yake kidogo kidogo, kwani ukizidisha kasi mara mbili, hukuzuia kwa nguvu mara nne.

Nilinunua mita ndogo ya kupimia umeme, nikaifunga kati ya betri na kontrola, kifaa kinachoipimia mota umeme wake, kwa msaada wa fundi wa mtaani, na kwa wiki tatu nikaandika matumizi yangu kwenye daftari la wadeni. Bila mzigo, kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa, asubuhi tulivu, pikipiki ilitumia wati-saa 29 kwa kila kilomita. Kwa mwendo wa kilomita 65 kwa saa, barabara ile ile, ilitumia wati-saa 50. Maana yake ni kwamba betri ambayo kwa mwendo wa kwanza ingenipeleka karibu kilomita 90 haikuweza kunipeleka zaidi ya kilomita 50 na kidogo kwa mwendo wa pili, kwani sehemu ya mwisho ya betri haifai kukaushwa. Muuzaji alikuwa ameniahidi kilomita 100. Siwezi kusema alidanganya. Alisema ukweli wa mtu mmoja aendaye kilomita 40 kwa saa, asiye na mzigo, katika siku isiyo na upepo, na mtu huyo sijawahi kukutana naye kwenye barabara ya Malindi.

Upepo nao una hesabu yake, na katika pwani yetu si jambo la kupuuzwa. Ukienda kilomita 45 kwa saa huku upepo wa kilomita 20 kwa saa unakujia usoni, kwa upande wa hewa ni kama unaenda 65, na betri italipa hivyo hivyo ingawa safari yenyewe haikuwa ya haraka. Katika miezi ya Kusi nilikuwa nikielekea Mayungu, upande wa kusini, na upepo kifuani, lakini kreti likiwa tupu, kisha nikirudi mjini na mzigo upepo ukinisukuma mgongoni. Ilipoingia Kaskazi mambo yakageuka: kwenda nikawa nabebwa, na kurudi na kilo zangu 70 ndiyo ikawa vita. Tena samaki nao huwa wengi wakati bahari imetulia, siyo wakati wa Kusi inapochafuka, kwa hiyo upepo wa kurudi na mzigo mzito vilikuja pamoja. Mzunguko uliokuwa ukichukua uniti 1.7 ukapanda hadi 1.9 katika siku kali za Januari. Manahodha wa majahazi wangenicheka kwa kulalamikia upepo, lakini wao hawabebi ghala. Huiokota nishati yao njiani, na upepo ukikatika hutia nanga wakasubiri. Mimi barafu yangu haisubiri.

Kuhusu mzigo, nilikuwa nimeingia na hofu kubwa kuliko ilivyostahili. Kilo 70 za samaki na barafu, kwa mwendo wa kilomita 45, ziliongeza matumizi kutoka wati-saa 29 hadi 33 kwa kilomita. Linganisha nyongeza hiyo ya 4 na ile ya 21 niliyoilipa kwa kuongeza kasi ya kilomita 20 kwa saa, nawe utaona kwamba vijana wanaobeba abiria mmoja huku wakikimbia wanaimaliza betri upesi kuliko mimi ninayebeba kreti na kwenda taratibu. Mzigo huonekana uzito wake mahali pengine: kwenye mchanga wa kushukia diko, ambako tairi huzama na kuumeza mwendo mara kadhaa zaidi ya lami, na kwenye tairi zisizojaa vizuri, kwa sababu mpira unaobonyea na kufumuka katika kila mzunguko hula nishati na kuigeuza joto. Tangu nilipoligundua hilo, tairi hukaguliwa kila Jumatatu. Upepo wa ndani ya tairi, tofauti na ule wa Kaskazi, angalau uko mikononi mwetu.

Nifike kwenye breki, kwa kuwa ndiyo sifa iliyotangazwa kuliko zote. Dukani niliambiwa kwamba kila ninapofunga breki pikipiki hujichaji, na jinsi ilivyosemwa ungedhani mtu anaweza kutoka Malindi hadi Mombasa kwa kufunga breki. Jambo lenyewe ni la kweli. Mota ikigeuzwa kazi huwa jenereta, na mwendo wa chombo, badala ya kuishia kama joto kwenye viatu vya breki, hurudishwa betrini kama umeme. Swali ni kiasi gani. Kilo 270 zikienda kilomita 45 kwa saa zina nishati ya mwendo ya wati-saa 6 hivi, basi. Hata nusu yake ikirudi salama, na nusu ni matarajio ya mtu mkarimu, nitakuwa nimepata wati-saa 3, ambazo zitanipeleka mita 90, yaani umbali wa kutoka mlangoni kwa kinyozi wangu hadi kwa muuza mahamri. Ili sifa hiyo iwe na uzito lazima usimame mara nyingi sana, na mwenye akili hufanya kinyume chake: akiliona tuta kwa mbali huachia mapema, akauacha mwendo alio nao umfikishe, kwa sababu nishati inayotumika palepale kama mwendo haipiti kwenye mota wala betri na haikatwi kodi ya kwenda na kurudi.

Nilijaribu wiki moja huku kitu hicho kimewashwa na wiki moja kimezimwa. Tofauti haikufika hata moja ya ishirini ya matumizi yangu. Faida niliyoiona kwa macho ni viatu vya breki vya nyuma, ambavyo baada ya miezi minane havijabadilishwa, jambo ambalo pikipiki ya zamani haikuwahi kunipa. Kuna na tahadhari ambayo hakuna aliyenipa: betri ikiwa imejaa kabisa haina pa kuweka umeme unaorudi, kwa hiyo breki ya mota hukataa. Asubuhi ya kwanza nilipotoka nyumbani na asilimia 100 nilikaribia kuingia kwenye mkokoteni wa maji pale Maweni, kwa kuwa jana yake mkono wangu ulikuwa umeshazoea chombo kujizuia chenyewe mara nikiachia. Tangu hapo mguu wangu uko karibu na breki ya kawaida kila asubuhi. Na kwa wale wanaokwenda kilomita 65, wakumbuke kwamba nishati ya mwendo huongezeka kama hewa inavyozuia, kwa mraba: kutoka 45 hadi 65 huongezeka zaidi ya mara mbili, na umbali wa kusimama vivyo hivyo.

Kasoro kubwa ya chombo hiki, kwa maoni yangu, si betri bali kioo kinachoisoma. Betri za aina hii huishikilia volti yake karibu pale pale kwa muda mrefu, zikijaa nusu au zikibaki robo, kisha huporomoka ghafla mwishoni, na mita ya bei nafuu inayokisia kiasi kwa kuangalia volti tu hukisia vibaya. Nimeona asilimia 60 ikikaa kwa kilomita 15, kisha ikaruka hadi 41 nilipopanda kijilima, ikarudi 52 niliposimama. Kwenye tanki la petroli ukiona robo ni robo, na kama huamini unatikisa ukasikia.

Mwezi wa Oktoba nililipia kosa la kukiamini kioo hicho. Nilikuwa nimemaliza mzunguko wangu wa kawaida, mteja mmoja wa Watamu akanipigia simu akitaka pweza jioni ile ile, nami nilipotazama nikaona nimebakiwa na asilimia za kutosha. Kwenda kulikuwa salama. Wakati wa kurudi, Gede nilipita nikiwa na asilimia 38, na kabla ya kufika Msabaha ikawa 12, na dakika mbili baadaye kontrola ikakata umeme ili kuilinda betri. Kwa siku hiyo nilikuwa nimekwisha kutembea kilomita 80 na ushei. Chupa ya soda ilikuwa imekauka, na hesabu ya daftari ingeniambia hivyo kama ningeifuata badala ya kufuata tarakimu zinazong'aa. Petroli ikikwisha mtu huazimwa kwa chupa ya plastiki. Umeme hauazimwi hivyo.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa akirudi mjini bila abiria alisimama kando yangu.

"Mzee, stima imekatika?" akauliza.

"Imekatika, mwanangu."

Hakusema zaidi. Aliegemeza mguu wake kwenye kikanyagio cha abiria cha pikipiki yangu, akavuta mafuta, tukaenda sambamba hadi Malindi, mimi nikiongoza usukani tu. Njiani nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kufikiri, nikaona kwamba nishati bado ilikuwa inafuata njia yake: petroli tankini mwake, joto, injini, gurudumu, kisha mwili wa pikipiki yake, paja na unyayo wake, hadi kwenye chombo changu kilichojisifu kwamba hakihitaji petroli. Alikataa pesa, akakubali samaki wawili aina ya changu waliokuwa wamebaki barafuni.

Kuchaji kunataka utaratibu zaidi kuliko fedha. Chaja niliyopewa hutoa kama wati 720, kwa hiyo betri iliyokaribia kwisha huchukua saa nne hadi tano. Wanaolalamika kwamba hiyo ni polepole wana haki, lakini ni vyema wajue wanailinganisha na nini. Bomba la petroli likimwaga lita 10 kwa dakika moja linapitisha uniti 90 kwa dakika, na hiyo ni nguvu ya zaidi ya megawati 5. Kituo cha umeme wa jua cha Langobaya, hapa hapa Malindi, kilichoanza kazi mwishoni mwa 2021, kina megawati 40. Basi mabomba manane ya petroli yakimwaga kwa pamoja yanaishinda kasi ambayo eneo lote lile la vioo linaweza kuitoa nishati saa sita mchana. Hakuna soketi ya nyumbani itakayoshindana na hilo, na anayetaka betri ijazwe kama tanki anataka jambo ambalo waya wa ukutani hauwezi kulibeba.

Mimi huchaji usiku, baada ya betri kupoa, kwa kuwa joto la pwani likiongezewa joto la kutoka safarini na joto la kuchaji haliipi betri maisha marefu. Baadhi ya marafiki husema kwamba nasafiri kwa jua la Langobaya. Ni maneno mazuri, ila saa nne za usiku jua limeshalala, na umeme ulioko ukutani huwa umetoka zaidi kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, kwenye maji ya mabwawa na kwenye upepo wa Turkana. Kwa kusema haki, mvuke nao hupoteza sehemu kubwa ya joto lake kabla ya kuwa umeme, kwa hiyo upotevu haukufutwa wote. Mwingine umehamishwa tu kutoka chini ya miguu yangu hadi Bonde la Ufa. Bado ni joto la ardhini lisilosafirishwa kwa meli wala kununuliwa kwa dola. Umeme ukikatika usiku kucha, kama ilivyotokea mara nne katika miezi minane, asubuhi hutoka na kilichobaki jana au huwasha ile ya zamani.

Ukutani, mita yangu husoma uniti 1.9 kwa siku ya kawaida, kwa kuwa chaja na betri hupoteza kidogo katika kupokezana. Kwa bei niliyolipa katika miezi hiyo minane, pamoja na kodi na makato, uniti moja ilinigharimu kama shilingi 27, yaani shilingi 51 kwa siku, mahali ambapo lita moja ya petroli ingenitoa shilingi 176. Kwa siku 26 za kazi nilibakiza shilingi 3,250 kwa mwezi. Nikiongeza oili, cheni na plagi ambazo sinunui tena, nakadiria shilingi 3,950. Pikipiki mpya ya petroli ya kulingana na hii ningeipata kwa 150,000, kwa hiyo zile 90,000 za ziada zitanirudia baada ya miezi 23. Muuzaji alisema mwaka mmoja. Huenda ni kweli kwa bodaboda anayetembea kilomita 100 kwa siku, lakini huyo tena atahitaji betri ya pili, na betri ndiyo sehemu kubwa ya bei.

Huduma baada ya kununua ndiyo iliyonivunja moyo. Chaja ilikufa katika mwezi wa pili tangu niinunue pikipiki, na ingawa ilikuwa ndani ya dhamana nilisubiri siku tisa, nikiambiwa kila siku kwamba nyingine iko njiani kutoka Nairobi. Duka linalouza chombo kisichoweza kujazwa pengine popote linapaswa kuwa na chaja moja ya kuazimisha wateja. Nimewaambia hivyo, nao wameahidi. Tatizo la pili ni chumvi. Viunganishi vya waya chini ya kiti vilikuwa vimeanza kuota ukungu wa kijani katika mwezi wa tano wa kuitumia, kwa hewa ya bahari na kwa maji ya kreti yanayodondoka, na kiunganishi chenye kutu huwa kizuizi kinachopasha joto palipopaswa kupita umeme. Fundi wa mtaani alivisafisha, akavipaka grisi, akanitobolea kreti upande wa nyuma ili maji yamwagike mbali na betri, kazi ya shilingi 600 ambayo ingefaa kufanywa kiwandani na mtu aliyewahi kuiona bahari.

Ukimya wake wengi huusifu. Mimi nausifu alfajiri, nikitoka bila kuwaamsha majirani, na nauogopa sokoni, ambako watu waliozoea kusikia pikipiki kabla ya kuiona huingia mbele yangu bila kugeuka. Honi imekuwa na kazi nyingi kuliko nilivyopenda.

Kwa mwenye mzunguko unaojulikana, usiozidi kilomita 60 kwa siku, anayelala mahali penye soketi na anayeweza kuuzuia mkono wake kwenye kilomita 45, naipendekeza bila wasiwasi, mradi aweke daftari la kilomita na asikitegemee kioo. Kwa wanaokwenda mbali, kama Marafa au Garsen, bado. Ile ya petroli sijaiuza. Kwa kawaida huwashwa Alhamisi tu, siku ninayopeleka samaki wakavu Marafa, na jirani yangu husema kwamba siku hiyo ndiyo anayojua saa niliyotoka nyumbani.